Mkono Nilioutoa Kabla ya Raundi ya Kumi

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimekaa nayo miaka na miaka, na mpaka leo ikinijia ghafla nikiwa naosha vyombo hujikuta nasema "lahaula!" kwa sauti, mume wangu akiwa sebuleni huuliza kimevunjika nini. Hakijavunjika kitu. Nimekumbuka tu siku niliyowatosa wenzangu watatu, na ndoto ya miaka thelathini ya mmoja wao, kwa kunyoosha mkono mmoja, huu huu wa kulia ninaolia nao wali.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa sababu najua nikisema kwamba miye Zuwena, mtoto wa pwani, wa Miembeni, nilikuwa mchezaji wa mashindano ya barafu London, kuna watakaodhani nimechanganyikiwa. Mchezo unaitwa curling. Unasukuma jiwe zito la kilo ishirini, lina mkono juu kama wa birika, linateleza kwenye barafu mpaka kwenye duara lililochorwa upande wa pili, na wenzako wawili wanakimbia mbele yake wanafagia barafu ili lizidi kwenda. Naam, wanafagia. Timu ina watu wanne, mmoja ndiye nahodha, na mawe yenu yakikaa karibu zaidi na kitovu cha duara kuliko ya wenzenu mnapata pointi. Basi, hakuna zaidi.

Niliingia katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa namhudumia bibi mmoja wa Kiskochi kusini mwa London, mgonjwa wa miguu, aliyewahi kuucheza ujanani. Jumapili moja aliniomba nimsukume na kiti chake mpaka ukumbi wa barafu akawaone wenzake wa zamani, tukakuta timu ina upungufu wa mtu mmoja, bibi akanionyesha kwa kidole akasema, "Huyu ana mikono." Wakanipa ufagio. Mimi niliyefagia uwanja wa nyumba yetu kila alfajiri tangu nina miaka saba, nikafagia lile barafu kama vile kesho ni Idi, watu wakasimama kutazama. Miaka tisa baadaye nilikuwa nahodha.

Mama yangu, aliyekuja kuishi nasi Walthamstow baada ya baba kufariki, hakuwahi kuukubali mchezo huu hata siku moja. "Nimeuza mkufu wangu upande ndege," akiniambia kila akiona nafunga begi, "kumbe unakwenda kuwafagilia Wazungu barafu! Tena bure!" Hata ule mwaka wanawake wa huku walipopata dhahabu kwenye michezo ya majira ya baridi, na majirani wakaanza kuniuliza habari za curling pale sokoni, Mama alitazama dakika tano kwenye televisheni akasema wale wasichana wanafagia vibaya, akabadilisha stesheni.

Sasa kuna jambo moja la mchezo huu lazima niwaeleze, na mlikumbuke. Curling ni mchezo wa watu wenye adabu zao. Mwanzo wote mnapeana mikono, mwisho wote mnapeana mikono, na walioshinda ndio wanaowanunulia walioshindwa vinywaji. Ukiligusa jiwe kwa bahati mbaya unajitaja mwenyewe, hangojwi refa. Na timu ikiona maji yamezidi unga, haina haja ya kusukuma mawe mpaka raundi ya mwisho: nahodha anavua glavu, anamwendea nahodha mwenzake, anampa mkono. Mkono ukishapokelewa, mchezo umekwisha pale pale, wale wameshinda. Nalijua hilo. Nimelifanya mwenyewe mara nyingi, kwa akili zangu timamu. Kwa hiyo mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mechi ninayoisimulia ilikuwa miaka miwili hivi baada ya ile dhahabu, Jumamosi ya baridi, katika ukumbi mmoja huko mbele ya Croydon. Atakayeshinda anakwenda fainali za taifa. Timu yetu ilikuwa miye, Sue (mpeleka barua, haongei mpaka aulizwe), Hansa, na Janet. Hansa ni Mhindi wa Kisumu, anakaa Queensbury, anafanya kazi duka la dawa, na Kiswahili chake kikikolea utadhani kazaliwa ndani ya soko la Kibuye. Janet alikuwa mwalimu aliyestaafu, na ndiye aliyeiunda timu kabla mimi sijajua barafu hata ya kwenye glasi. Alikuwa kacheza miaka thelathini, na mara nne alifika mechi hii hii ya mwisho kabla ya fainali za taifa, mara nne akashindwa. Goti lake lilikuwa limekwisha, daktari kampa tarehe ya kulipasua msimu ukiisha, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo alituambia huku anafunga kamba za viatu, bila kutuangalia, "Hii ndiyo yangu ya mwisho, wasichana. Nipelekeni." (Wasichana! Mimi nina arubaini kasoro miaka miwili.) Nikamwambia, "Tutakupeleka, Janet." Nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Basi, mbona mambo yakaharibika? Kwa sababu ya jiko la kupasha nyumba joto. Asubuhi ile naamka nyumba baridi kama kaburi, jiko limezima, fundi anasema Jumatatu, mume wangu kaingia kazini, na Mama kajikunyata kitandani na mablanketi matatu. Nikafikiri, nitamwachaje? Nikasema, "Mama, twende wote, utanitazama nikicheza." Uamuzi mdogo kabisa huo. Na mnaona akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi: nimemtoa bibi mzima kwenye nyumba ya baridi nikampeleka kwenye ukumbi wa barafu.

Akavaa buibui, juu yake koti la mume wangu, juu yake mitandio miwili, akachukua kikapu chake cha vileja, vibiskuti vya kwetu, na chupa ya chai ya tangawizi, tukapanda Victoria line, treni ya chini ya ardhi, mpaka mjini, tukachukua treni ya Croydon, kisha teksi. Njia nzima ananiuliza huko kuna choo. Tulipofika nikamkalisha kwenye viti vya pembeni, penye ukuta mfupi wa kiunoni unaowatenga watazamaji na barafu, nikamwachia kila kitu chake mkononi, nikamwambia, "Mama, usiondoke hapa, na tafadhali usiniite nikiwa nacheza." Akasema, "Nikuite nina nini?"

Kando yake alikuwa amekaa mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, koti la kijivu, peke yake. Sikumtilia maanani. Sasa Mama yangu Kiingereza chake ni cha soko la Walthamstow, cha kununulia bamia na kukatalia bei, lakini Mungu kampa kipaji kimoja, hawezi kukaa kando ya mtu dakika kumi bila kujua ana watoto wangapi na nani kati yao hamsikii. Raundi ya tatu nikiinua macho, naona yule mama ameshika kikombe cha chai ya tangawizi. Raundi ya sita, Mama kamshika mkono. Nikasema alhamdulillahi, kapata mwenzake, mie nicheze.

Na tulicheza, jamani. Wapinzani wetu walikuwa wazuri, nahodha wao msichana mwenye nywele nyekundu anaitwa Helen, mchezaji hasa, lakini siku ile alikuwa amepoa, hasemi na mtu, macho yamevimba. Nilidhani ana mafua. Raundi ya tisa ilipokwisha walikuwa mbele saba kwa tano, lakini raundi ya kumi jiwe la mwisho kabisa lilikuwa letu, nalo kwenye mchezo huu ni silaha, na barafu nilikuwa nimeshalielewa linavyopinda. Janet akaja anachechemea, uso umemwiva, akaniambia, "Mbili tunasawazisha, tatu tunakwenda." Nikamwambia, "Tatu." Nilikuwa nimeshaiona njia ya hizo tatu kichwani, wallahi, jiwe kwa jiwe.

Hapo ufagio wa msichana mmoja wa upande wa kina Helen ukavunjika kichwa. Akaomba akachukue mwingine chumbani. Tukasimama kumngoja, dakika mbili tatu. Laiti ufagio ule ungevunjika siku nyingine!

"Zuwena! Hebu njoo!"

Nikajifanya sikusikia.

"Zuwena, mtoto wee, nakwita!"

Watu wanageuka. Nikateleza mpaka ukutani. "Mama, nacheza."

"Huchezi, umesimama. Yule mwenye nywele nyekundu, unamjua?"

"Helen. Ndiye tunayecheza naye."

"Huyu ndiye mamake." Akamwonyesha yule mama wa koti la kijivu, ambaye alinitabasamia kwa macho mekundu. "Wamefiwa. Mume wa huyu, babake yule. Wamezika Jumanne. Juzi tu! Ushampa mkono?"

Masaa mawili na nusu nipo na Helen kwenye barafu moja, namwona macho yamevimba, nasema mafua. "Sikujua, Mama. Nitampa tukimaliza."

"Ukimaliza?" Mama akanitazama kama aliyekuta nzi kwenye uji. "Tanzia inakungoja weye umalize kuchezea mawe?"

"Asubuhi nilimpa mkono, tulipeana wote."

"Ule wa mchezo. Usinifanye mtoto, Zuwena. Miye nimekaa hapa na mamake toka asubuhi, nimempa mkono, nimempa chai, tumelia. Na weye mwanangu unamrushia mwanawe mawe, na sasa umejua, na bado umesimama. Watu watasema nimekulea vipi? Enda!"

Nawaomba mnielewe. Miaka tisa ya curling ilikuwa kichwani mwangu, lakini ile "enda" ya Mama haipiti kichwani. Inakwenda moja kwa moja miguuni. Ni "enda" ile ile iliyokuwa ikinipeleka nyumba ya jirani na sinia la chakula kukiwa na msiba, nina miaka tisa, naogopa maiti, na nakwenda. Nikajikuta nateleza kuelekea kwa Helen. Na njiani nikafanya kama nilivyofundishwa, mkono wa tanzia hautolewi na kitu mkononi: nikavua glavu.

Nikafika mbele yake. Nikainamisha kichwa. Nikaunyoosha mkono.

Kwetu, mnajua, mkono wa msiba hauna kelele, unasema maneno yako chini chini, nusu unamwambia mfiwa, nusu unamwambia Mungu. Nikasema taratibu kwamba nimesikitika sana, Mungu amrehemu. Kiwanja cha pili mtu alikuwa anapiga ukelele wafagie, mawe yanagongana, ta! ta! Helen alinitazama, akautazama mkono, akanitazama tena, mdomo wazi.

"Kweli?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. (Mfiwa akikuuliza kweli utamjibu nini?)

"Una hakika, Zuwena?"

Nikafikiri, masikini, kwa hiyo hakuna aliyemkumbuka kwa msiba wake, mpaka anastaajabu kupewa pole. Nikaongeza na mkono wa kushoto, nikaushika wa kwake kwa mikono yote miwili, nikaubana.

Helen akapiga ukelele. Akanikumbatia akaanza kulia, kilio cha kweli, na wenzake wakaja mbio wakateleza wakaturukia, mmoja anapiga ngumi hewani, mwingine anabusu ufagio, watu kwenye viti wanapiga makofi, na mimi katikati yao bado najiambia, kumbe msiba wao ulikuwa mzito hivi. Naapa, nilikuwa nawaza hivyo. Mpaka nikainua macho, upande wa pili wa barafu, nikamwona Janet. Amesimama kashikilia ufagio kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika fimbo, hasogei, na uso wake hauna damu.

Ndipo nikautazama mkono wangu. Mtupu. Glavu chini.

Hansa ndiye aliyenifikia kwanza. "Zuwena," akasema, sauti ndogo kabisa, "umefanya nini? Yawa, umefanya nini? Umepeana mechi!"

"Mama kasema nikampe pole," nikamwambia. "Kafiwa."

Hansa, aliyezaliwa Kisumu, ambaye kwao hakuna tanzia isiyokwendwa, alielewa pale pale, na kuelewa kwake ndiko kulikozidi kuniua. Alikaa. Chini, juu ya barafu, na suruali yake, akafunika uso kwa mikono. "Woi. Sasa mwambie! Mwambie saa hii!"

Na hapo ndipo ningeweza kuokoka. Ningesema neno moja tu. Curling ni mchezo wa waungwana, nimeshawaambia, Helen angecheka, tungefuta machozi, tungecheza raundi ya kumi. Nikafungua mdomo. Lakini Helen alikuwa ameshageuka anamwelekea mamake pale ukutani, anamwambia kwa kulia, "Hii ni ya baba, mama, hii ni ya baba," na yule mama kamkumbatia, na Mama yangu kawakumbatia wote wawili, mitandio inaanguka, naye ananitazama juu ya mabega yao na kunitikisia kichwa cha kuridhika, yaani, ndivyo mwanangu, sasa umekuwa mtu. Niende nikaseme nini? Naomba mnirejeshee pole yangu? Nikafunga mdomo.

Janet akaja. Alipeana mikono na wale wasichana wote wanne, mmoja mmoja, mchezo mzuri, mchezo mzuri, maana ndiyo adabu. Kisha akasimama mbele yangu. "Kwa nini?" akauliza. Neno moja. Akangoja, akaona sijibu, akaondoka anachechemea.

Halafu mwamuzi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akaleta karatasi ya matokeo manahodha watie saini. Helen akatia. Akanipa kalamu. Na mimi, kwa mkono huo huo, nikatia. Mkono wa kwanza naweza kuusingizia mila. Wa pili ni wangu.

Mnadhani yamekwisha. Huko juu kulikuwa na mkahawa, na kama nilivyosema walioshinda wanawakalisha walioshindwa meza moja wanawanunulia vinywaji, hakuna kukwepa. Tukakaa watu kumi kwenye meza ndefu, Helen na wenzake, sisi wanne, yule mjane, na Mama kichwani mwa meza na kikapu chake kama bibi harusi. Sue, ambaye haongei, alikuwa haongei zaidi. Janet anazungusha glasi yake ya maji. Mama akafungua vileja, akavizungusha, "Eat, eat," na watu wakala, unasikia wanavyotafuna.

Kisha Helen, msichana mzuri, mwenye adabu zake, akaniinamia akaniuliza kitu kilichokuwa kinamkera tangu pale chini. "Zuwena, samahani. Jiwe la mwisho lilikuwa lenu. Mlikuwa nyuma mbili tu. Kwa nini uliacha?"

Meza nzima ikageuka. Janet akaacha kuzungusha glasi. Kabla sijafungua mdomo Mama, aliyeelewa kwamba mwanawe anasifiwa lakini anaona haya, akaamua kunisaidia. Akapiga kifua chake kwa kiganja. Kwa kile Kiingereza chake cha bamia akasema kwamba ni yeye. Yeye ndiye aliyenituma. Mtoto wake huyu alikuwa hajampa mkono wa msiba, akamwita, akamwambia nenda kampe mkono sasa hivi, babake kafa, mawe baadaye. "I tell her, go! Stones after!" Akacheka kidogo, akamshika Helen shavu.



Helen alielewa polepole, niliona linavyomwingia. Wekundu ukamwanza shingoni ukapanda mpaka kwenye paji la uso. "Hukuwa unaacha mchezo," akasema. "Ulikuwa unanipa pole." Akaweka kikombe chini, akainuka, akashuka ngazi mbio kumtafuta mwamuzi. Tukamfuata wote, hata Janet na goti lake, hata Mama na vileja. Helen akamsihi yule mama mwenye miwani, turudi tucheze raundi moja, ni kosa, naomba. Na mwamuzi akasikiliza yote, mpaka mwisho, akasema samahani sana, mkono umetolewa, umepokelewa, barafu limeshakwanguliwa kwa ajili ya mechi nyingine, na hayo yote angeweza kuyafikiria, akainua karatasi, lakini nahodha ametia saini. Akanitazama juu ya miwani. "Ungesema kabla ya kusaini, mpenzi."

Janet akamwendea Helen, akavua glavu zake za sufi, akampa mkono. "Sikujua habari ya baba yako," akamwambia. "Pole sana." Hansa akampa. Sue akampa, akasema na neno, "Pole." Tukapanga mstari wa tanzia pale mlangoni mwa ukumbi wa barafu, na Mama anasimamia mwisho anahakikisha hakuna aliyerukwa. Janet mie hakunipa mkono. Hakunigombeza pia, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana ugomvi ningeujibu.

Tulirudi na Mama kwa treni, kisha Victoria line. Tumeshapita kituo cha Finsbury Park ndipo akaniuliza, "Hivi Zuwena, mchezo wenyewe kashinda nani?"

"Wao, Mama."

Akafikiri kidogo, akafunga kikapu chake vizuri. "Si neno," akasema. "Wao ndio wenye msiba."

(Kina Helen walikwenda fainali za taifa, wakafungwa mechi zote. Wallahi, zote. Hansa ndiye aliyenipigia simu kunipa habari, na nilimsikia anavyojizuia asitukane.)

Janet walimpasua goti ulipofika mwezi wa nne, na hakurudi tena kwenye barafu. Wiki sita nilikuwa nashika simu naiweka chini. Mwishowe Mama akasema, "Mgonjwa haendewi?" akanipa kopo la vileja, nami nikajua ile "enda" inakuja nikainuka kabla hajaisema. Nikafika kwa Janet, nikagonga. Janet akafungua mwenyewe, kaegemea magongo mawili, akanitazama bila ya kunikaribisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu treni nzima, yote yakapotea, na kwa sababu sijui njia nyingine ya kuingia nyumba ya mgonjwa, nikanyoosha mkono.

Aliutazama mkono ule.

"Zuwena," akasema, "nikiushika huo, leo napoteza nini?"

Nikaangua kilio pale mlangoni, nikamwambia yote kwa mara ya kwanza, kwamba nilijua, kwamba nilipomwona uso wake pale barafuni nilishajua, na kwamba kati ya kujua na kusaini nilikuwa na dakika nzima, na nilinyamaza kwa haya. Akanisikiliza mpaka nikakauka. Akasema, "Mkono nimekusamehe siku ile ile, mama yako aliponipa kileja. Kalamu ndiyo iliyonichukua muda." Kisha akaegemeza gongo moja ukutani, akanipa mkono, akanivuta ndani kwa sababu baridi ilikuwa inaingia.

Nilicheza misimu mitatu zaidi baada ya hapo, na hatukufika tena karibu na fainali za taifa. Lakini kila mechi, asubuhi, mnapopeana ile mikono ya kuanza, nilikuwa namuuliza kila mpinzani, mmoja mmoja, nyumbani hawajambo? Hakuna msiba? Hakuna mgonjwa? Wazungu wakinishangaa, Hansa anaangalia dari. Mie namaliza tanzia zangu zote kabla jiwe la kwanza halijasukumwa, halafu navaa glavu, na nimeapa siivui mpaka jiwe la mwisho lisimame, hata Mama aite mara mia.

Na karatasi yoyote inayoletwa mbele yangu, hata ya shule ya watoto, kwanza nasema nililo nalo, ndipo naomba kalamu.